Mtoto wa Kikundi Yuko Chuo Kikuu: Achague Masomo Gani ya Hiari?

(Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa parokia moja karibu na mpaka wa Busia, mbele ya kikundi cha kujisaidia kinachomlipia karo binti anayesomea uhusiano wa kimataifa. Tumeichapisha kwa sababu vikundi vingine vyenye watoto chuoni vimetuuliza swali lilo hilo.)





Mwenyekiti aliponipigia simu wiki mbili zilizopita aliniambia, "Mwalimu, mtoto wetu ameletewa fomu ya kuchagua masomo na kikundi kimegawanyika." Mimi nikacheka. Nikadhani ni utani. Kumbe ni kweli. Nimeambiwa mzee mmoja anataka achukue kila somo lenye neno sheria. Akina mama wengine wanauliza kama bado anaweza kuhamia uuguzi. Vijana nao wanasema achukue masomo ya usalama, ati ndiko pesa ziliko. Na binti mwenyewe, nikaambiwa, amenyamaza kimya.

Sikushangaa kwamba mmegawanyika. Pesa za mayai na kuku, na zile shilingi mnazotoa kila Jumapili baada ya Misa, ndizo zinazomweka darasani. Mtu akitoa chake ana haki ya kuuliza. Lakini kabla ya kuuliza achague nini, tuelewane kwanza anasomea nini, kwa sababu nimesikia hapa nje mtu akisema kwamba uhusiano wa kimataifa ni kusomea kuongea.

Si kusomea kuongea. Ni kusomea jinsi nchi zinavyokubaliana, zinavyokosana, zinavyouziana vitu, zinavyopigana na zinavyopatana. Katika miaka yake minne kuna kozi za lazima. Hizo kila mwanafunzi hufanya, apende asipende: historia ya uhusiano wa mataifa, nadharia, misingi ya sheria ya kimataifa, uchumi na siasa za dunia, mashirika kama Umoja wa Mataifa, na mbinu za utafiti. Halafu kuna kozi za hiari, zile wanafunzi wanaziita yuniti za kuchagua. Mimi husema kozi za lazima ni ugali. Ugali wa nyumba hii na ya jirani haupishani sana. Mboga ndiyo inayomfanya mgeni akumbuke alikula wapi. Siku binti huyu atakapoomba kazi atakuwa na mamia ya wenzake wenye cheti kama chake, wote wamekula ugali ule ule. Atakayemhoji atageuza karatasi ya pili kuangalia mboga.

Na hapa lazima niwaambie ukweli wangu, maana nisipousema hamtajua kwa nini ninalichukulia jambo hili kwa uzito.

Nilisomea shahada hii hii. Fomu kama ile aliyo nayo nilijaza kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama kwenye korido, nimeiweka mgongoni mwa rafiki yangu. Kozi ya kwanza nilichagua kwa sababu huyo rafiki aliichagua. Ya pili, kwa sababu kulikuwa na noti za miaka iliyopita za kupiga kopi. Ya tatu, kwa sababu haikuwa na darasa asubuhi. Ya nne sikumbuki hata jina lake. Nilipata alama nzuri sana! Nyumbani wakachinja kuku.

Kisha nikaitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kusaidia wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Nikapewa karatasi yenye jedwali la bidhaa na viwango vya ushuru, nikaulizwa: gunia la maharagwe likitoka Mbale kupitia Busia, mwenye mali alipe nini na awe na karatasi gani mkononi? Nilikodoa macho tu. Nilikuwa najua Vita Baridi tangu mwaka 1947 mpaka ukuta wa Berlin ulipobomolewa mwaka 1989, lakini gunia la maharagwe la Mbale lilinishinda. Na mimi nimezaliwa kilomita sita kutoka mpakani! Kazi ile sikuipata. Yale ambayo ningejifunza darasani kwa muhula mmoja, nilikuja kuyajifunza kwa miaka mitatu nikiwa karani katika ofisi ya kupitisha mizigo forodhani, kwa mshahara ambao sitautaja mbele ya Baba Paroko.

Basi nianzie hapo hapo mpakani.

Mama uliyekaa mstari wa pili, mwenye kitambaa cha manjano, ulinieleza jana kwamba mara nyingi unapitisha mahindi kwa njia za panya usiku, kwa kuogopa kunyang'anywa. Nikakuuliza thamani ya mzigo wako, ukasema haifiki hata shilingi elfu thelathini. Sasa sikilizeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, hii ya pili baada ya ile iliyovunjika mwaka 1977, ilianzisha umoja wa forodha mwaka 2005. Bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa katika nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha ikiingia nchi mwenzake. Na kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000 za Marekani, kuna utaratibu rahisi: kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaza cheti kifupi cha kuonyesha ilikotoka, afisa wa forodha anakigonga mhuri pale pale mpakani, unapita. Sisemi hakuna karatasi nyingine. Mimea na nafaka zina ukaguzi wake wa afya, na mifugo vile vile. Lakini huyu mama amekuwa akikimbia gizani, pamoja na hatari zote za gizani kwa mwanamke, akikwepa ushuru ambao huenda hata hadaiwi.

Nani amwambie? Ofisi zipo, na tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja hapa Busia, maafisa wa Kenya na wa Uganda wakifanya kazi chini ya paa moja. Lakini kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Anahitajika mtu wa kuzisoma, kuzielewa, na kuja kukaa chini ya mwembe na kuzieleza kwa lugha ya nyumbani.

Na kanuni hubadilika ghafla. Mnakumbuka Machi mwaka 2021? Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya ile sumu ya kuvu, aflatoksini. Malori yakapanga foleni. Baada ya siku tano hivi mlango ukafunguliwa tena, lakini kwa masharti: mwenye kuingiza mahindi awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu iko chini ya kiwango, yaani sehemu 10 katika kila bilioni. Aflatoksini ni hatari ya kweli. Huua watu, hilo tusilifanyie mchezo. Lakini swali la nchi izuie vipi, itoe notisi ya siku ngapi, na mama mwenye magunia mawili apime wapi, hilo ni swali la mkataba. Hujadiliwa mezani, na mezani hukaa watu waliosoma somo hilo.

Kwa hiyo kama ningeulizwa kozi moja tu, ningesema ile ya sheria na sera ya biashara ya kimataifa, na ya pili yake ile ya ushirikiano wa kikanda, ambayo vyuo vingine huiita utangamano. Ni ngumu. Ina kurasa nyingi. Wanafunzi huikimbia, na ndiyo maana mwenye kuijua hupata wa kumsikiliza. Hii Jumuiya yenyewe imekua. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Sasa ni nchi nane. Mpaka wetu huu mdogo, uliozalisha neno boda boda kwa sababu ya wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hii hadi boda ile, leo ni mlango wa kwenda hadi Bahari ya Atlantiki.

Nikitaja Kongo nimefika kwenye lugha. Kozi ya lugha huhesabiwa ya hiari katika vyuo vingi, na wanafunzi wengi huidharau kwa kuona kwamba lugha si somo la chuo kikuu. Mimi ningemshauri achukue Kifaransa, tena aanze sasa, sio mwaka wa nne. Kongo, Burundi na Rwanda zina Kifaransa katika ofisi zao. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, na Kifaransa ni mojawapo. Lakini lugha haiingii kwa muhula mmoja. Kozi moja ya Kifaransa pekee yake itampa salamu tu, kama mgeni anayejua kusema "mulembe" halafu anakwama. Akianza, afuatilize.

Na kuna Kiswahili. Naona mzee anacheka. Mzee wangu, usicheke. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. UNESCO nayo, Novemba 2021, ilitangaza kila tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Pakiwa na mkutano unaotumia Kiswahili na Kifaransa lazima pawe na mkalimani, na mkalimani hulipwa. Watoto wetu wanadhani wanakijua kwa sababu wanakiongea sokoni. Mpe mmoja ukurasa wa mkataba auandike kwa Kiswahili sanifu uone jasho. Kama chuo chake kina kozi ya tafsiri na ukalimani, hiyo ni mboga ambayo wengi hawajaionja.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi, ingawa ningeweza kukaa hapa mpaka jioni. Mto Sio unaingia Ziwa Viktoria, na ziwa linatoa Mto Nili. Mwaka 1929 Uingereza, ikizungumza kwa niaba ya makoloni yake, iliandikiana na Misri kwamba kazi yoyote ya kunyunyiza mashamba au ya umeme itakayopunguza maji yanayokwenda Misri isifanywe kwenye mito na maziwa haya bila Misri kukubali. Babu zetu hawakuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilisema haitafungwa na mikataba ya mkoloni hivi hivi tu. Ikatoa miaka miwili ya kuizungumza upya. Nchi za juu za mto zikaja kuandika mkataba wao, ambao Kenya ilitia sahihi mwaka 2010, na ulianza kufanya kazi Oktoba 2024. Misri na Sudan zimeukataa. Kwa hiyo jambo hili halijaisha. Kikundi chenye pampu ya maji kando ya mto kinaguswa, hata kama leo hakijui. Kozi ya siasa za mazingira na maji ya pamoja ingemfaa binti anayetoka hapa kuliko anayetoka mahali pengine, kwa sababu ana mto wa kuandikia tasnifu yake bila kulipa nauli.

Sasa niwajibu vijana. Masomo ya usalama. Ninaelewa mnakotoka. Nchi hii ilipigwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ikapigwa Westgate mwaka 2013, ikapigwa Garissa mwaka 2015 ambapo waliouawa wengi walikuwa wanafunzi kama huyu. Somo hilo si la kubezwa. Lakini tusidanganyane: wanafunzi wamejazana huko, na wengi hutoka na maneno matupu ambayo hata gazeti linayo. Anayetaka usalama kwa dhati achukue pamoja na Kiarabu au Kisomali, na akubali kwenda kufanya mazoezi ya kazi mbali na nyumbani. Kama binti hataki hayo, basi kozi hiyo aisome kwenye maktaba kwa kupenda kwake, nafasi ya fomu aipe kitu kingine.

Kitu kingine chenyewe ni takwimu, na hapa najua ananikasirikia. Ameniambia hesabu inamtisha tangu sekondari. Mimi pia ilinitisha. Simwambii awe mhasibu. Namwambia kozi moja tu ya takwimu au ya uchumi, ajue kusoma jedwali, ajue asilimia ya nini juu ya nini. Mabalozi hujadiliana juu ya deni, bei ya kahawa, hesabu ya wakimbizi. Mwaka 1989 makubaliano ya mgao wa kahawa duniani yalipovunjika na bei ikaanguka, wakulima wetu waliona tu malipo yamepungua, wakailaumu sosaiti yao. Sosaiti ilikuwa na makosa yake, Mungu anajua, lakini lile la 1989 halikuwa lake. Asiyesoma takwimu atamlaumu aliye karibu.

Nimebakiza moja, na hili nitalisema polepole kwa sababu kuna mzazi humu ndani ambaye hajapata simu ya mwanawe kutoka Ghuba kwa miezi minne. Nimeongea naye, ameniruhusu kulitaja bila jina.

Kuna kozi ya sheria ya kidiplomasia na ya kibalozi. Inaonekana kama kozi ya wakubwa, ya nani atembee mbele ya nani kwenye zulia. Lakini ndani yake mna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za kibalozi. Mkataba huo unasema moja ya kazi za ubalozi ni kuwasaidia raia wake walioko nchi ile. Kifungu cha 36 kinasema mgeni akikamatwa au kuwekwa kizuizini, wakuu wa nchi ile wamweleze bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, na akitaka ujulishwe, na maafisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea. Mzazi huyu alikuwa akienda kwa ajenti kila wiki, ajenti akimwambia arudi kesho. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ubalozi wa Kenya Riyadh, na kwamba anaweza kuandika barua kwa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje akitaja jina, namba ya pasipoti na mahali mtoto alipo. Jana usiku tumeiandika barua hiyo, binti huyu na mimi, mezani kwa mwenyekiti. Yeye ndiye aliyeandika, mimi nilisahihisha tarehe tu. Leo asubuhi imetumwa. Jibu hatujapata bado.

Ninawaambia hivyo ili mwone kwamba kozi si jina tu kwenye karatasi.

Sasa mashauri madogo kwako, binti yangu, na wazazi wasikilize. Usichague kwa kichwa cha kozi. Nenda idarani uombe orodha ya mada za kila wiki, maana kuna kozi zenye majina makubwa na ndani hamna kitu, na kuna zenye majina ya kuchosha ambazo ni dhahabu. Angalia kama kozi inataka uwe umefanya nyingine kwanza, nimeona watu wakikwama mwaka wa nne kwa sababu hiyo. Uliza kama itafundishwa kweli, kwani kozi ikikosa wanafunzi wa kutosha hufutwa, kwa hiyo uwe na ya akiba. Usiweke ngumu zote muhula mmoja. Wiki za mwanzo ambapo chuo bado kinaruhusu kubadilisha, hudhuria darasa la kozi zaidi ya zile ulizoandika, ukae nyuma usikilize. Na uwatafute waliomaliza, uwaulize wanafanya kazi gani, sio walipata alama gani.

Na ninyi kikundi. Msimtume kuwa balozi. Nafasi za ubalozi ni chache na nyingine hutolewa kwa njia ambazo sisi wa hapa hatuna. Anaweza kufanya kazi ya forodha, ya kaunti, ya mashirika ya wakimbizi, ya ukalimani, ya kampuni za usafirishaji, hata ya kufungua ofisi ndogo ya kuwaandikia wafanyabiashara karatasi zao. Na suala la uuguzi nawaomba tulizike hapa leo. Ni kazi takatifu, lakini huyu akiona damu hukimbia, mama yake mwenyewe amekubali.

La pili, msipige kura juu ya masomo yake. Nimesikia kuna pendekezo la kupiga kura. Kikundi kilipiga kura ya kumlipia karo, hiyo ilikuwa halali yenu. Mkipiga kura ya kozi, akishindwa atasema mlimchagulia ninyi, na atakuwa na haki. Muulizeni maswali, hata magumu. Mwambieni kila mwisho wa muhula alete matokeo na aeleze alichojifunza, kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha kutupita juu ya vichwa. Halafu muacheni.

Fomu inatakiwa chuoni kabla ya Ijumaa ijayo. Nimeiona asubuhi hii. Ana nafasi nne, na ameandika tatu kwa kalamu ya wino. Ya nne ameandika kwa penseli, amefuta, ameandika tena, karatasi imeanza kutoboka. Sitawaambia ni zipi. Mwenyekiti, naomba kwa ruhusa yako nikae, binti aje hapa mbele asome mwenyewe ile fomu yake na aeleze kwa nini. Na yule mzee wa sheria aruhusiwe swali la kwanza, maana ameinua mkono tangu nilipoanza.